Isikilize Kabla Hujaifungua: Kelele za Giaboksi na Mota katika Bunduki za Easofti

Bunduki ya umeme ya easofti, mchezo wa kulengana kwa gololi za plastiki, haifi ghafla. Kabla pistoni haijamaliza meno na kabla mota haijatoa harufu ya kuungua, huwa imeshalia kwa wiki kadhaa, na mwenyewe akauzoea mlio akidhani ndivyo ilivyo. Mwongozo huu utakusaidia kuusikiliza mlio huo, kujua unatoka wapi na kuurekebisha, ukianza na kazi isiyokugharimu hata senti. Nauandika kwa sababu inaniuma kuona watu wananunua mota mpya, kisha gia mpya, kisha giaboksi nzima, ilhali kosa lilikuwa pale pinioni ya mota inapoumana na gia ya kwanza, na skrubu ya kuparekebisha imekaa chini ya kishikio muda wote huo.

Naandika zaidi kwa msomaji aliye mahali ambapo mchezo huu una viwanja vyake na sheria zake: Japani, Uingereza, Marekani, nchi nyingi za Ulaya. Ukiwa Afrika Mashariki, usiagize bunduki ya namna hii kabla ya kuwauliza polisi wanaohusika na leseni za silaha, kwa sababu kwa macho haina tofauti na ya kweli. Na popote ulipo, usiitoe kwenye begi lake hadharani, hata kama unakwenda tu kwa rafiki kumsikilizisha mlio.

Kilichomo ndani

Kampuni ya Tokyo Marui ya Japani ilitoa bunduki yake ya kwanza ya mota na giaboksi mwaka 1991, mfano wa bunduki ya FAMAS ya Wafaransa, na bunduki nyingi za umeme zinazouzwa leo bado zinafuata mpango ule ule. Katika aina ya M4, ambayo ndiyo nitakayoitumia hapa, mota imesimama ndani ya kishikio, kichwa juu. Kwenye ncha ya shafti yake kuna gia ndogo, pinioni, kwa kawaida yenye meno 10. Pinioni inaizungusha gia ya beveli, beveli inaizungusha gia ya kati, na gia ya kati inaizungusha gia ya sekta, ambayo meno yake ya kuvutia yako sehemu moja tu ya duara. Meno hayo yanaivuta pistoni nyuma na kuibana springi. Yakiisha, pistoni inaachiwa, springi inaitupa mbele, na hewa ya kwenye silinda inatoka kwa nguvu kupitia nozeli na kuifyatua gololi ya plastiki ya milimita 6.

Katika seti ya kawaida ya gia, mota inazunguka karibu mara 18.7 ili itoke gololi moja. Piga hesabu: bunduki inayotoa gololi 15 kwa sekunde ina mota inayokimbia karibu mizunguko 17,000 kwa dakika, tena ikiwa na mzigo wa springi. Kwa kasi hiyo, kosa la sehemu ya kumi ya milimita kwenye mpangilio wa meno linasikika ng'ambo ya uwanja.

Kama umewahi kushinda gereji, umeshaielewa nusu ya kazi hii. Pinioni na beveli ni krauni na pinioni ya difu, kwa udogo wake. Difu iliyopangwa vibaya inavuma barabarani, na fundi mzuri haibadilishi kwanza. Anatazama jinsi meno yanavyoumana, anaongeza au anapunguza shimu, zile pete nyembamba za chuma za kurekebisha nafasi, anajaribu tena. Fikra hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa hapa.

Kabla hujagusa chochote

Toa magazini. Elekeza mtutu mahali salama na ufyatue mara mbili au tatu, kwa sababu gololi moja au mbili hubaki ndani hata magazini ikiwa mezani. Vaa miwani ya uwanjani, siyo ya jua. Kila unapotaka kushika mota, waya au gia, chomoa betri kwanza. Triga ikiguswa kwa bahati mbaya huku kidole chako kiko kwenye beveli, meno yale hayatachagua.

Kisha chukua simu, iweke mezani hatua moja kutoka kwenye bunduki, urekodi milio michache ya moja moja na mfululizo mfupi wa sekunde moja. Rekodi hiyo usiifute. Sikio husahau haraka, na baada ya nusu saa ya kurekebisha utajikuta hujui kama umetengeneza au umeharibu.

Namna ya kusikiliza

Swali la kwanza si kelele ni kubwa kiasi gani, bali inajirudia vipi. Kelele inayosikika mara moja kwa kila gololi inatoka kwenye vitu vinavyofanya kazi mara moja kwa kila gololi: sekta, pistoni, springi, nozeli. Kelele inayoendelea bila kukatika muda wote mota inapozunguka inatoka kwenye mota yenyewe, pinioni au beveli. Ukiipata tofauti hiyo tu, umeshaondoa nusu ya wasiwasi.

Baada ya hapo tumia bisibisi ndefu kama mafundi wa magari wanavyofanya: ncha kwenye bodi ya bunduki, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio, mwenzako anafyatua. Gusa chini ya kishikio, kisha juu ya triga, kisha nyuma karibu na kitako. Mahali panapopiga kelele zaidi pataanza kujitaja.

Bunduki nzima hutoa mvumo mfupi wa mota na kishindo kikavu cha pistoni ikigonga kichwa cha silinda. Kishindo hicho ni haki yake. Gia za meno yaliyonyooka nazo huvuma kidogo daima, kwa hiyo usitafute ukimya kamili. Utafute mvumo ulio sawasawa.

Mlio mwembamba na mkali, unaopanda juu kadiri mota inavyoongeza kasi, mara nyingi ni pinioni iliyosukumwa mno ndani ya beveli, au gia zilizobanwa na shimu bila kuachiwa nafasi. Dalili yake ya pili ni joto: baada ya mifululizo mifupi michache kishikio kinakuwa cha moto, na bunduki inafyatua polepole kuliko zamani.

Mkwaruzo mzito wa kusaga ni kinyume chake. Pinioni imekaa mbali, meno yanagusana kwa ncha tu na mara nyingine yanarukana. Huu ndio mlio wa kukufanya uachie triga papo hapo, maana kila sekunde unayoendelea unakula chuma cha beveli.

Mota ikikimbia bure kwa sauti ya juu, nyepesi, na hakuna hewa inayotoka mtutuni, gia au pistoni imeng'oka meno. Ukisikia kwarakwara ya haraka katikati ya kukimbia huko, ni sekta inayoyapapasa meno ya pistoni yaliyobaki. Hapa hakuna skrubu ya kukuokoa. Giaboksi lazima ifunguliwe.

Kuna mlio unaosikika baada ya kuachia triga. Ukiwa ni mvumo unaofifia kuelekea mbele, mota ina nguvu kuliko springi na inaendelea kuzunguka kidogo kabla ya kusimama. Si ubovu mradi isitoe gololi mbili kwa mvuto mmoja wa triga. Lakini ukiwa ni mzomeo mfupi, kama gia zinazorudi kinyumenyume, basi kile kijiulimi kinachoishika beveli isirudi nyuma kimechoka, au kispringi chake kimechomoka. Kispringi hicho ni cha senti chache, na bila hicho pistoni inarudishwa mbele kila mara ikiwa nusu safari.

Na iwapo unavuta triga na kusikia tiki moja tu kisha kimya, achia haraka. Inawezekana betri imekwisha, gia zimekwama, au waya za mota zimegeuzwa. Waya zikigeuzwa mota inataka kuzunguka kinyume, kijiulimi kinaizuia, na umeme wote unaishia kuwa joto kwenye waya. Moshi hauchelewi.

Skrubu ya chini ya kishikio

Sasa fanya kazi ile ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza kwa kila mtu. Chini ya kishikio kuna kibamba, na katikati yake skrubu ndogo isiyo na kichwa inayoingizwa alen-ki au bisibisi bapa. Ukiikaza, inaisukuma mota juu kuelekea beveli. Ukiilegeza, mota inashuka.

Hesabu kwanza iko wapi: ikaze taratibu mpaka ikatae, bila kulazimisha, ukihesabu mizunguko, kisha irudishe pale ilipokuwa na uiandike namba hiyo. Sasa ilegeze mzunguko mmoja mzima. Unganisha betri, fyatua moja moja. Utasikia mkwaruzo, hapo ni chini mno, na ndipo tunapotaka kuanzia ili tujue mpaka wa upande huu. Chomoa betri, kaza robo ya robo, yaani kama moja ya kumi na sita ya mzunguko, unganisha, fyatua mara mbili. Endelea hivyo. Mkwaruzo utapungua, utageuka kuwa mvumo, mvumo utalainika. Ukipita pale pazuri, ule mlio mwembamba utaanza kuchungulia. Rudi nyuma hatua moja au mbili. Hapo ndipo pake.

Usiharakishe hatua hii. Eneo zuri mara nyingi ni dogo kuliko robo ya mzunguko, na anayekaza nusu nusu hulipita bila kulisikia, halafu anaamua kwamba bunduki yake haina dawa.

Ukishapapata, jaribu mfululizo wa sekunde mbili, pumzika, rudia mara chache, kisha shika kishikio. Uvuguvugu si tatizo. Ukishindwa kukishika, bado mota iko juu mno au kuna kitu kingine kinachobana huko ndani.

Chini ya mota, kati yake na skrubu, panatakiwa kuwa na kisahani kidogo cha chuma. Watu hukipoteza wanapofungua kibamba, kwa sababu hushikwa na sumaku ya mota au huanguka sakafuni bila kelele. Kikikosekana, skrubu inachimba moja kwa moja mwishoni mwa mota na mpangilio wako hautadumu mchezo mmoja. Skrubu inayolegea yenyewe kwa mtetemo ipakwe tone la gundi ya nati, ile ya buluu inayofunguka. Ile nyekundu ni ya kazi nyingine. Ukiitumia hapa utaijutia siku ya kurekebisha tena.

Katika aina ya AK, ambayo giaboksi yake mafundi wanaiita toleo la tatu, mota imefungwa ndani ya kizimba cha chuma kilichoshikana na giaboksi, na skrubu iko chini ya kizimba hicho. Kazi ni ile ile, ila hapo kishikio cha plastiki hakina ubishi. Katika M4, kinao. Kishikio ndicho kinachoamua mota isimame wima au iegemee, na kishikio cha bei rahisi ulichobadilisha kwa ajili ya umbo lake kinaweza kuwa ndicho chanzo cha kelele zote. Skrubu mbili zinazokishika kwenye giaboksi zikiwa zimelegea, nazo zinatosha kuharibu kila ulichopanga.

Wino kwenye pinioni

Ikiwa umezungusha skrubu yote na bado pazuri hapapatikani, usikisie. Chomoa betri, fungua kibamba, toa mota. Futa pinioni kwa pamba yenye spiriti mpaka meno yang'ae, kisha uyapake yote wino wa kalamu ya maka, nyekundu au buluu, uache dakika ikauke. Rudisha mota, kaza skrubu pale ulipopaona pazuri zaidi, fyatua mara kumi hivi, kisha itoe tena uitazame kwenye mwanga, ukitumia kioo cha kukuzia au kamera ya simu.

Wino uliofutika kwenye ncha ya juu tu ya meno unakuambia pinioni haijafika; mota iko chini. Wino uliofutika urefu wote, na mikwaruzo juu kabisa ya ncha ya shafti, unakuambia imepita. Ukifutika mshazari, yaani meno ya upande mmoja yamelika kwa juu na ya upande mwingine kwa chini, au alama inayumba kutoka jino hadi jino, shuku shafti iliyopinda au pinioni isiyokaa katikati. Alama nzuri ni ukanda uliofutika sawasawa katikati ya jino, unaofanana kwenye meno yote 10.

Wakati mota iko mkononi, shika pinioni kwa vidole uijaribu. Nyingine zimefungwa kwa kiskrubu cha pembeni kinachokaa kwenye sehemu bapa ya shafti, nyingine zimegongwa tu zikakaza. Zote mbili huweza kupanda polepole kwenye shafti, na hapo kila unaporekebisha urefu wa mota unarekebisha kitu kinachohama.

Kuna jambo wengi hawaambiwi, nalo linaokoa pesa. Skrubu ya kishikio inaipandisha na kuishusha pinioni kwenye uso wa beveli. Haiwezi kuisogeza beveli karibu au mbali na pinioni. Kazi hiyo ni ya shimu, ndani. Kwa hiyo wino ukionyesha kwamba pinioni imefika juu vizuri lakini meno yanagusana kwa juujuu tu, zungusha skrubu mpaka kesho, hutafika. Beveli imekaa mbali, na sasa umepata sababu ya kweli ya kufungua giaboksi.

Mota peke yake

Lakini kabla ya bisibisi nyingine, isikilize mota ikiwa nje. Ikandamize mezani kwa kitambaa, uishike imara kwa sababu itaruka, uguse waya zake kwenye betri kwa sekunde moja. Mota nzuri inavuma kwa sauti moja. Ikikwaruza hapo hapo bila gia yoyote, ugonjwa ni wake.

Zungusha shafti kwa vidole. Utahisi vituo vya sumaku, hilo ni kawaida, usihisi mchanga. Mchanga humaanisha vumbi la kaboni au kipande cha sumaku kilichopasuka, ambacho husugua amicha kila mzunguko. Tazama kaboni zenyewe: zikiwa fupi, au springi zake hazizisukumi tena, mota inasitasita na kutoa cheche nyingi. Safisha komiteta kwa pamba na spiriti. Weka tone moja la mafuta mepesi kwenye bushi ya kila upande wa shafti, tone moja kweli, na lisifike kwenye kaboni. Mota iliyokuwa inalia kwa ukavu wa bushi hunyamaza papo hapo, na ni furaha kuisikia.

Kufungua

Giaboksi ikiwa imebana springi, inakurushia springi hiyo usoni. Kabla ya kulegeza skrubu hata moja, toa mota, chungulia kwenye tundu lake, na kwa bisibisi nyembamba usukume kile kijiulimi cha kuzuia beveli. Utasikia gia zikirudi kwa ghafla. Mvuto wa springi umekwisha. Ukifungua ganda, kandamiza sehemu ya nyuma ya springi kwa bisibisi huku unainua nusu ya juu, na ufanye kazi hiyo ndani ya sinia pana au boksi, kwa kuwa kispringi cha kijiulimi na kile cha triga hurukia pembe za chumba zisizofagiliwa. Piga picha kabla ya kutoa kitu chochote.

Tazama grisi kabla hujaifuta. Grisi yenye rangi ya kijivu inayometameta ni chuma kilichosagwa, na kazi yako ni kujua kimetoka jino lipi. Kisha osha gia, bushi na ganda mpaka pasibaki hata ute. Grisi inaficha nyufa, tena inalainisha mtikisiko ambao wewe unataka kuuhisi.

Bushi au beringi zinazobeba gia huwa na kipenyo cha milimita 6, 7 au 8. Zisukume kwa kidole gumba: zisitikisike na zisizunguke ndani ya tundu zake. Inayozunguka, iwekee tone dogo la supa gluu upande wa nje, uhakikishe imekaa bapa na ukuta. Kwa bunduki yenye springi nzito napendelea bushi za chuma zisizo na gololi ndani. Beringi ndogo za gololi zina mbio, lakini zikivunjika vipande vyake huingia kwenye gia na kusaga kila kitu.

Sasa shimu. Ni pete nyembamba za chuma zinazowekwa kwenye ekseli ya gia, pande zote mbili, na seti ya kawaida huwa na unene wa 0.1, 0.15, 0.2, 0.3 na 0.5 mm. Wapo mafundi wanaoanza na gia ya kati. Mimi naanza na beveli, kwa sababu kelele tunayoifukuza imezaliwa hapo. Weka beveli peke yake, funga ganda kwa skrubu zake zote, funga kishikio na mota, uendeshe kwa sekunde moja moja kwa kugusa betri kwenye waya za mota. Ongeza shimu upande wa mbali na pinioni ili uisogeze karibu, au upunguze, mpaka upate mvumo laini na alama nzuri ya wino. Hapo hapo hesabu jumla ya nafasi uliyonayo na ujaze upande wa pili, ukiacha karibu 0.1 mm.

Ganda lililofungwa kwa skrubu mbili tu linadanganya. Kila unapojaribu, zikaze zote, ndipo ushike ekseli ya gia kwa ncha ya vidole uisukume upande kwa upande. Mtikisiko uuhisi, usiuone. Ukiuona kwa jicho, nafasi imezidi. Ukikosa kuuhisi, umebana, na gia zitalia kwa ukali ule mwembamba.

Beveli ikishatulia, weka gia ya kati, iumane na beveli kwa upana wa meno bila uso wake kusugua uso wa beveli wala ukuta wa ganda. Mwisho sekta, nayo iumane vizuri na gia ya kati, isiguse mkono wa kukatia umeme ulio chini yake. Gia zote tatu zikiwa ndani bila pistoni, zisukume kwa kidole: ziende kwa wepesi, ziendelee kidogo, zisimame polepole. Zikisimama kwa kushtuka, ipo inayogusa mahali. Endesha kwa mota na usikilize tena kabla ya kurudisha pistoni. Kelele iliyopo sasa ni ya gia. Kelele itakayokuja baada ya kurudisha pistoni na springi ni ya pistoni na springi, na haitakudanganya tena.

Kelele zinazokuja na pistoni

Kishindo kikali kuliko zamani, chenye sauti ya chuma, kinatokana na kuisha kwa mpira wa kichwa cha silinda. Mlio wa springi kutetemeka baada ya kila kishindo hupungua ukiipaka grisi kiasi na ukiweka kishikilia-springi kinachoibana vizuri. Mguno mfupi wakati wa kuvuta ni bapa la tapeti lililokauka, lile la plastiki linalorudisha nozeli nyuma.

Jambo zito zaidi ni jino la kwanza la sekta linavyolikuta jino la kwanza la pistoni. Likilikuta kwa pembe, utasikia tok moja kwa kila gololi, na meno ya pistoni yataanza kulika kutoka nyuma. Mafundi hulirekebisha kwa kuweka mpira mnene zaidi kwenye kichwa cha silinda ili pistoni ianzie nyuma kidogo, na kwa kuondoa jino la pili la pistoni. Ukishafanya hivyo, jino la sekta likutane na la pistoni uso kwa uso.

Paka gia grisi ya lithiamu kiasi cha kufunika meno, bila kuijaza giaboksi. Silinda na mpira wa pistoni vipate grisi ya silikoni, kidogo. Grisi ikizidi mbele hutoka na hewa, hufika kwenye mpira wa mtutuni unaoipa gololi mzunguko, na gololi zinaanza kwenda zinakotaka.

Betri na springi

Wapo wanaoanza kusikia kelele siku waliyobadilisha betri. Kutoka betri ya lipo (lithiamu-polima) ya volti 7.4 kwenda 11.1, mota inakimbia zaidi, kila dosari ya shimu inapanda sauti, na kuna hatari ya sekta kurudi kuikamata pistoni kabla haijamaliza safari ya mbele. Hiyo inavunja meno kwa mfululizo mmoja. Bunduki isiyoimarishwa ndani ibaki na 7.4. Na betri ya lipo isishuke chini ya volti 3 kwa seli; betri dhaifu huifanya mota igugumie na kukufanya uilaumu bure.

Springi nzito nayo inaongeza mzigo kwa kila jino. Japani, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2006, mpaka wa nguvu ya gololi ni chini kidogo ya jouli 1, na giaboksi nyingi za huko zimebuniwa kwa mzigo huo. Uingereza, sheria ya mwaka 2017 inaruhusu hadi jouli 1.3 kwa bunduki za mfululizo na 2.5 kwa za moja moja. Ukiitia springi ya Kiingereza ndani ya gia za Kijapani, tegemea mvumo kuongezeka, na upime tena kasi kwa kronografu kabla ya kuingia uwanjani.

Baada ya kufunga kila kitu, rudia zoezi la skrubu ya kishikio tangu mwanzo, maana beveli imehama na namba uliyoandika haifai tena. Rekodi kwa simu mahali pale pale ulinganishe. Ukishacheza mchezo wa kwanza, kabla bunduki haijaingia kabatini, fungua kibamba utazame kama skrubu imehama na kama pinioni imepanda, kisha andika namba mpya ya mizunguko kwenye kipande cha karatasi ya gundi ukibandike ndani ya begi la bunduki.